Kompyuta Mpya, Daftari la Zamani

"Shikamoo mama."

"Marahaba fundi, karibu. Njoo ujionee mwenyewe, hii mashine mpya imekataa vitabu vyangu."

Duka ni la vifaa vya ujenzi, Morogoro mjini: saruji, nondo, mabati, misumari ya kupimwa kwa kilo. Juu ya kaunta palikuwa na kompyuta mpakato mpya, bado ina nailoni kwenye kifuniko, ambayo mwanawe alimletea kutoka Dar es Salaam. Chini ya kaunta, katikati ya vumbi la saruji, ilikaa ile ya zamani iliyomtunzia madeni ya wateja kwa zaidi ya miaka ishirini, na sasa ilikuwa inawaka siku moja na kugoma siku mbili. Kijana alikuwa amefanya ambalo wengi wetu tungelifanya. Alinakili folda ya programu kwenye flashi, akaihamishia kwenye mashine mpya, akabofya mara mbili. Windows 11 ikamjibu kwamba programu hiyo haiwezi kufanya kazi kwenye kompyuta hiyo, basi. Na printa ya sindano, ile inayolia kama cherehani na kutoa risiti tatu kwa mpigo mmoja, ilikuwa imebaki na kebo yake nene ya pini 25 isiyo na pa kuchomekwa.

Tangu Microsoft isitishe msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, simu za namna hii zimenizidia, na nyingi hunifikia mtu akiwa ameshaharibu kitu. Wenye shida hii hushauriwa ama wanunue programu mpya waanze upya, ama wang'ang'anie mashine ya zamani mpaka ife. Mimi nasema katikati hapo pana njia nyingi, na karibu zote hazina gharama isipokuwa muda wako. Lakini zinataka ukubali jambo moja: kazi ya zamani usiilazimishe iishi ndani ya mfumo mpya kana kwamba imeandikwa jana. Itengee chumba chake humo humo ndani, chenye mlango unaoufungua wewe.

Kabla ya chumba, nakala. Hapa nitasema lililonikuta, kwa sababu ndilo lililonifundisha. Miaka kadhaa nyuma nilimhudumia muuza pembejeo aliyekuwa na programu ya mikopo ya wakulima. Niliifungua folda yake, nikaona mafaili yenye mkia wa .DBF, nikajua ndimo data ilimo. Nikayachukua hayo, nikaifuta diski niweke Windows upya. Jioni tulipoyafungua, majina yapo, viasi vipo, ila safu ya maelezo ilikuwa tupu kuanzia mteja wa kwanza hadi wa mwisho. Kwenye programu za familia ya dBase, Clipper na FoxPro, maelezo marefu hayakai ndani ya .DBF. Yanakaa kwenye faili pacha, lenye jina lile lile na mkia wa .DBT au .FPT. Humo ndimo yule bwana alimoandika nani kamdhamini nani, shamba liko kijiji gani, na ahadi ni ya mavuno yapi. Nililifuta kwa mkono wangu, na hakuna programu ya kurejesha iliyolipata lote.

Tangu siku hiyo sichagui faili. Nachukua diski nzima. Kompyuta ikizimwa na kuchomolewa umeme, diski inafunguliwa kwa skrubu nne, inaunganishwa kwa kigeuzi cha USB, kile chenye ncha ya SATA upande mmoja na ya IDE (mkanda mpana wa pini 40) upande mwingine. Kisha Clonezilla, ambayo ni ya bure, inaipiga picha diski yote kama ilivyo: programu, data, mipangilio, hata yale usiyojua kwamba yapo. Diski kongwe inayokoroma isiwashwe mara kwa mara kwa kujaribu-jaribu. Iwashe mara moja, upate picha, uiweke kando. Picha hiyo iwe na nakala mbili, na moja isilale dukani. Mwizi au moto haviulizi ipi ni nakala na ipi ni asili.

Ukishakuwa na nakala, jiulize kama unaihitaji programu au unaihitaji data tu. Walioniita niwaokolee programu, wengi wao nilipowahoji nikakuta wanachotaka ni orodha ya wateja na salio la kila mmoja. Kama ni hivyo, kazi ni nyepesi. LibreOffice, ambayo ni ya bure, inafungua .DBF moja kwa moja kama jedwali. Usishangae majina ya safu yamekatwa: dBase haikuruhusu jina la safu lizidi herufi 10, ndiyo maana utaona JINAMTEJA au TARMALIPO. LibreOffice inasoma pia nyaraka za WordPerfect, na hata kurasa za PageMaker ambazo wachapaji wengi wanazo kwenye CD za zamani. Mpangilio unaweza kuyumba kidogo, lakini maneno na picha utayapata. Na kwa kuwa nimetaja uchapaji, wenye maduka ya steshenari wanaotengeneza kadi za harusi na vipeperushi kwa Publisher wasisubiri: Microsoft imetangaza kuiondoa programu hiyo kuanzia Oktoba 2026. Toeni kazi zenu zote kwa PDF mapema, na mhifadhi na yale mafaili ya asili.

Mama wa Morogoro hakutaka data peke yake. Alitaka programu ile ile, yenye skrini ya buluu na maandishi meupe, kwa sababu vidole vyake vinaijua. Anapiga F3, jina la mteja, Enter mara mbili, na risiti imetoka kabla mteja hajamaliza kuhesabu pesa. Ujuzi huo ni mali, na fundi anayemwambia aachane nao anapaswa kwanza asimame nyuma yake siku ya mwisho wa mwezi amwangalie akifanya kazi.

Programu yake ni ya DOS, ya biti 16. Windows za biti 32, hata Windows 10 ya biti 32, zilikuwa na sehemu maalumu ya kuziendesha programu hizo. Windows za biti 64 hazikuwekewa sehemu hiyo, na Windows 11 haina toleo la biti 32 kabisa. Kwa hiyo usipoteze siku ukibofya kulia, ukibadilisha mipangilio na kujaribu tena. Mlango huo haupo. Kinachofaa ni programu inayoigiza kompyuta nzima ya DOS ndani ya dirisha. DOSBox ndiyo inayojulikana zaidi, ipo tangu 2002, lakini waandishi wake waliitengeneza kwa ajili ya michezo. Kwa kazi za hesabu natumia ndugu yake, DOSBox-X, kwa sababu inajua kuchapa.

Tengeneza folda ya peke yake, tuseme C:\HESABU, weka humo nakala ya programu na data, kisha uiambie DOSBox-X kwamba folda hiyo ndiyo diski C yake: mount c c:\hesabu. Usiikabidhi diski yako yote, maana ukikosea amri ndani ya dirisha lile, kinachofutika ni kilichomo kwenye folda uliyoipa tu. Programu ikiwaka kisha ikafa papo hapo na kuandika kosa namba 200, usidhani data imeharibika. Programu nyingi zilizoandikwa kwa Turbo Pascal, zinapoanza, hupima kasi ya kompyuta kwa kuhesabu imezunguka mara ngapi katika muda mfupi. Kwenye mashine za sasa jibu linakuwa kubwa kuliko nafasi iliyotengwa, na hesabu ya kugawanya inashindikana. Ni kasi yenyewe inayoiua. Dawa ni kupunguza kasi kwenye kipengele cha cycles mpaka iamke. Na mfundishe kila anayeitumia atoke kwenye programu kwa njia yake ya kutokea, si kwa kubofya alama ya kufunga kwenye kona ya dirisha. Programu za enzi zile zilishikilia maandishi kwenye kumbukumbu hadi uziage. Ukizifunga kwa nguvu, mauzo ya mwisho yanaweza yasiandikwe.

Risiti ndiyo iliyotuchukua muda mrefu. Watu walimshauri mama anunue printa ya leza, na nilipinga. Karatasi yake ni ya nakala tatu, nyeupe, ya pinki na ya njano, zisizohitaji kaboni katikati: sindano ya printa inapogonga juu, maandishi yanatokea kwenye zote. Leza haigongi, kwa hiyo ingechapa ile ya juu tu. Nakala ya pinki inakwenda na dereva wa gari la saruji, ya njano inabaki kwenye jalada, na saini ya mteja iko kwenye zote tatu kwa mkato mmoja wa kalamu. Huo ndio ulinzi wake siku mteja akikana deni.

Tulinunua kebo ya kugeuza USB kuwa tundu la pini 25. Kebo hizi zinafaa kwa printa, na kwa printa pekee. Ukichomeka humo kile kifunguo cha ulinzi kilichokuja na programu fulani za zamani, au mashine ya kukata stika inayotaka poti halisi, havitaitika. Tuliisajili printa ndani ya Windows kwa draiva ya Epson ya sindano, tukahakikisha inachapa ukurasa wa majaribio kabla ya kugusa kitu kingine. Kisha kwenye faili la mipangilio la DOSBox-X tukaandika parallel1=printer, na kwenye sehemu ya printa tukaamuru itume kwa printa ya Windows. Programu ikadhani inaongea na Epson yake ya zamani. Risiti ya kwanza ilitoka imesogea sentimita mbili hivi kushoto, ikakata namba ya mwisho ya jumla. Tukarekebisha pambizo, ya pili ikakaa. Inachapa taratibu kuliko zamani, kwa kuwa sasa herufi zinatumwa kama picha, na hilo nilimwambia mama mapema asije akadhani printa imeanza kuchoka.

Programu zilizokuja baada ya DOS, za enzi ya Windows 98 hadi XP, zina mambo yao. Nyingi ni za biti 32 na zinaweza kwenda kwenye Windows 11 bila shida kubwa. Zinapogoma, mara nyingi ni kwa sababu zilizoea kuandika data zao ndani ya Program Files, na tangu Windows Vista hapo hapaandikwi ovyo. Windows huyachukua maandishi hayo na kuyaweka kwenye folda iliyofichika iitwayo VirtualStore, chini ya jina la mtumiaji. Ndiyo maana mtu anaingiza mauzo asubuhi, mwenzake anaingia kwa jina lake mchana, haoni kitu, na ugomvi unaanza. Isakinishe programu kwenye folda yake nje ya Program Files, C:\MAUZO kwa mfano, na tatizo hilo huisha. Nyingine zinadai .NET Framework 3.5. Hiyo, kwenye matoleo mengi ya Windows, ni ya kuwashwa tu kwenye orodha ya vipengele vya ziada. Usiipakue kwenye tovuti usiyoijua. Baada ya hayo ndipo ujaribu kichupo cha Compatibility.

Vyote vikishindikana, jenga kompyuta ndani ya kompyuta. VirtualBox ya Oracle ni ya bure, na ndani yake unaweza kuweka Windows XP au Windows 7 yenye leseni yako. Mashine pepe ya XP inatosheka na kumbukumbu ya gigabaiti moja. Ukiwa na ile picha ya diski uliyoichukua mwanzo, unaweza kuimwaga humo na kuiona kompyuta yako ya zamani ikiamka nzima nzima, na picha ya ukutani ile ile. XP ikianguka kwa skrini ya buluu yenye 0x0000007B, maana yake haioni diski yake. Ibadilishie kidhibiti cha diski kiwe IDE, mara nyingi itasimama. Kama VirtualBox inalalamika kabla hata ya kuanza, ingia BIOS uwashe uwezo wa uigizaji wa prosesa, VT-x kwa Intel au AMD-V. Upande wa USB chagua 2.0, kwa sababu XP haiijui 3.0.

Kisha ikate mtandao. Hili silijadili na mteja. XP iliacha kupata marekebisho ya usalama tarehe 8 Aprili 2014, na kuiruhusu iingie intaneti ni kuacha duka wazi usiku. Ndani ya mipangilio ya mashine pepe ondoa kadi ya mtandao kabisa. Mafaili yapite kwenye folda moja ya pamoja, na hiyo ndiyo dirisha lake pekee.

Mashine pepe ina faida nyingine inayosahaulika: inaweza kukabidhiwa kifaa cha USB ambacho Windows mpya haina draiva yake. Skana ya zamani inachomekwa, unaielekeza ndani ya XP, inasoma kama siku ya kwanza. Lakini kwa skana nianze na njia fupi. VueScan, programu ya kulipia ambayo kazi yake ni kufufua skana zilizotelekezwa na watengenezaji, inatambua maelfu ya aina, na unaweza kuijaribu kabla ya kulipa. Linux nayo ina mfumo wa SANE unaozijua nyingi. Kwa printa ya HP LaserJet 1010, ambayo bado naikuta kwenye ofisi za kata na za mawakili ikiwa nzima, mafundi wengi huipa draiva ya LaserJet 3055 PCL5 na inachapa.

Vifaa vya pini 9, kama mizani, mashine za maabara na visoma milango, vinataka kigeuzi cha USB, na hapa ubahili unagharimu. Vigeuzi vingi vya bei ya chini vina chipu ya PL2303 ya kizazi cha mwanzo, au bandia yake, na draiva mpya inazikataa. Tafuta chenye chipu ya FTDI ya kweli. Kikishakaa, angalia kimepewa namba gani. Windows inaweza kukiita COM7, na programu ya zamani inajua COM1 hadi COM4 tu. Badilisha namba hiyo ndani ya Device Manager kabla ya kumlaumu fundi aliyekuuzia. Niliwahi kukuta mizani ya ghala imewekwa pembeni kwa miezi, na kosa lilikuwa hiyo namba tu.

Wenye mashine za kudarizi kanzu zinazosoma disketi, msiziuze. Kipo kifaa kiitwacho Gotek, kinakaa kwenye nafasi ya kisoma disketi, kina umbo lile lile, ila mbele kina tundu la flashi. Mashine inaamini inasoma disketi. Angalieni tu kwamba aina mnayonunua inaendana na mashine yenu, kwa sababu si disketi zote zilikuwa na ukubwa wa megabaiti 1.44. Hamko peke yenu katika hili: serikali ya Japani ilimaliza kuondoa matakwa ya disketi kwenye kanuni zake mwaka 2024.

Kuna ombi moja ninalolikataa. Mashine ya fotokopi iliyokuwa ikituma skani kwenye folda ya kompyuta inagoma baada ya kompyuta kubadilishwa, na mtu ameambiwa awashe SMB1, itifaki ya zamani ya kushirikiana mafaili. Itifaki hiyo Windows iliacha kuiwasha tangu mwaka 2017, mwaka ule ule virusi vya WannaCry vilipopita humo na kufunga kompyuta za hospitali za Uingereza. Usiiwashe. Fotokopi nyingi za umri huo zinaweza kutuma kwa FTP au kuandika kwenye flashi. Ni hatua moja zaidi kwa karani, lakini ofisi inabaki salama.

Na wakati mwingine jibu sahihi ni kuiacha kompyuta ya zamani mahali pake. Kama inaendesha mashine kubwa kupitia kadi iliyochomekwa ndani ya ubao wake, mashine pepe haitaifikia kadi hiyo. Basi iheshimu: ipulize vumbi, badilisha betri ya CR2032 iliyo kwenye ubao ili isisahau tarehe, isogeze mbali na saruji, iondoe kwenye mtandao, na uwe na diski ya akiba iliyokwisha kuandikwa ile picha yake. Diski hiyo ijaribu siku ambayo huihitaji.

Kwa mama tulimaliza saa kumi na moja jioni. Kabla sijaondoka niliandika kwa mkono, kwenye karatasi yake mwenyewe ya risiti, folda iko wapi, mistari gani tuliibadilisha, kebo ni ya aina gani, na flashi ya nakala imewekwa droo ipi. Kijana wake alitaka kuipiga picha kwa simu, nikamwambia piga, lakini karatasi ibaki. Imebandikwa ndani ya mlango wa kabati la misumari. Kila Jumamosi wakifunga hesabu, kijana huinakili C:\HESABU yote, .DBF na .DBT zake, kwenye flashi mbili, na ya pili mama huondoka nayo kwenye pochi.